Marinda ya kilti: kufuata seti, kufuata mstari, na undani ambao hauonekani

Ukimwangalia mtu aliyevaa kilti, ile nguo ya Waskoti inayofanana na sketi, kwa mbele hakuna cha kubishania sana, aproni (kipande cha mbele kisicho na marinda) imelala bapa, tartani, yaani ile miraba ya rangi ya kitambaa, inaonekana ilivyo, kile kimkoba cha ngozi kimening'inia katikati, basi. Kesi yote iko nyuma. Nyuma ndo kuna mita kadhaa za sufu zimekunjwa na kushonwa marinda ishirini na kitu, na hapo ndo mafundi na wavaaji wa Uskoti wamegawanyika, wala si ugomvi wa jana. Wapo wanaosema marinda yapangwe ili nyuma ya kilti iendelee kuonyesha tartani nzima kama vile kitambaa hakijakunjwa kabisa, wapo wanaosema hapana, kila rinda libebe mstari uleule mmoja kama wanajeshi wanavyovaa. Alafu kuna kundi la tatu, hili halipigi kelele ila nahisi ndo kubwa kuliko yote, linasema jamani hiyo ni sehemu ya kukalia, nani anahesabu mistari ya huko?

Kwa wasioijua vizuri hii nguo, tartani ni mpangilio wa rangi unaojirudia, na kile kipande kimoja kamili kabla rangi hazijaanza upya ndo mafundi wanakiita seti. Tuchukulie seti yako ina sentimita 15 na unataka marinda 27. Anayefuata mstari anakunja kila baada ya sentimita 15, mstari alioutaka, tuseme wa njano, unatokea katikati ya kila rinda, mwisho wa habari, marinda yote yamekula mita 4 na chembe. Anayefuata seti hawezi kufanya hivo kwa sababu rinda la pili linatakiwa lionyeshe kipande cha rangi kinachofuata baada ya rinda la kwanza, kwa hiyo kila akikunja anasogea mbele kwa upana wa rinda moja, kama sentimita 2, yaani kila rinda linakula 17, tayari umepita mita 4 na nusu na hujagusa aproni mbili (ya juu na ya chini yake) wala yale makunjo makubwa ya pembeni. Seti ikiwa kubwa zaidi, ya sentimita 20 kwenda juu, hesabu inapaa, ama uongeze kitambaa ama upunguze marinda. Ndo maana ile yadi 8 inayotajwa kila siku, karibu mita 7.3, si kanuni ya kila kilti, ni namba ya mazoea tu, inategemea seti na mwili wa mtu.

Sasa hoja za wa seti. Wanasema tartani ina jina, ni ya ukoo fulani au wilaya fulani au kikosi fulani, umetoa pesa kununua tartani hiyo, kwa nini ukigeuka nyuma ipotee? Na ni kweli inapotea. Ukichukua tartani kama Royal Stewart ambayo imejaa nyekundu ukaitia marinda kwa kufuata mstari, nyuma kunakuwa na pingili za kulala tu, nyekundu nyekundu kisha pingili ya giza kisha nyekundu, kwa sababu ile mistari ya kusimama yote imejificha ndani ya makunjo isipokuwa mmoja. Mtu anayekuja nyuma yako anaweza asiitambue kabisa. Hoja hii mi naiona nzito, hasa kwa tartani zenye rangi nyingi zilizopangika vizuri.

Wa mstari nao wana yao. Kwanza mwendo. Kilti ya mstari mtu akisimama tuli inaonekana ya rangi moja moja hivi, akianza kutembea marinda yanafunguka na zile rangi zilizofichwa zinachungulia, zinafunga, zinachungulia tena. Nenda Glasgow Green mwezi wa nane kwenye mashindano ya dunia ya bendi za bagpaipu (zumari za mfuko), usihangaike na mbele, kaa nyuma ya bendi inapoondoka, utaelewa wanachosema. Kilti ya seti haina mchezo huo kwa kiwango hicho, ikifunguka unaona tartani juu ya tartani, macho hayajui yashike nini. Pili wanaleta jeshi. Kikosi cha Kiskoti cha Gordon Highlanders walivaa tartani ya kijani na bluu iliyokolea yenye mstari wa njano, na huo wa njano ndo uliokaa kwenye kila rinda, kikosi kingine, Seaforth, wakaweka mweupe. Safu ya askari mia imegeuka kwa pamoja, mistari yote imesimama wima, hapo huwezi kusema haipendezi.

Shida inaanza kila upande ukisema wenyewe ndo asili. Hapa naomba niwe mkorofi kidogo kwa wote wawili. Kilti ya kale, ile féileadh mòr ya karne ya 16 na 17, haikuwa na rinda hata moja lililoshonwa. Ilikuwa blanketi refu, mtu anakusanya makunjo kwa mkono, anafunga mkanda, sehemu nyingine anaitupia begani, usiku anafungua anajifunikia. Asubuhi anakunja upya, na sidhani kama kuna aliyekuwa anatafuta mstari wa njano uko wapi kwenye baridi ile. Kilti fupi, féileadh beag, ikaja karne ya 18, alafu serikali ya London baada ya uasi wa Wajakobi (waliotaka kuurudisha ufalme wa ukoo wa Stuart) ikapiga marufuku mavazi ya Nyanda za Juu za Uskoti kwa sheria ya 1746, marufuku ikakaa mpaka 1782, na waliosamehewa ni wanajeshi wa vikosi vya huko. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya thelathini kilti ilibaki mikononi mwa jeshi zaidi, na marinda ya kushonwa tunaanza kuyaona kwenye kilti za jeshi za miaka ya 1790, na yalikuwa ya boksi (rinda linakunjwa pande zote mbili, kushoto na kulia), mapana, kitambaa kama yadi 4 hivi. Haya ya kulalia upande mmoja ambayo leo kila mtu anadhani ndo kilti yenyewe, Gordon Highlanders waliyachukua miaka ya 1850. Yaani mtu anayekwambia yadi 8, marinda ya upande mmoja, kufuata seti, ndo mila ya mababu, anakupa mila ya enzi za Malkia Victoria. Si mbaya, ila tuseme ukweli. Na anayesema mstari ni wa askari pekee, raia akivaa amevunja adabu, hakuna sheria hiyo popote, asili yake ni jeshini kweli lakini raia wanavaa miaka na miaka.

(Kuna hata mtindo wa Kingussie ambao wengi hawaujui, katikati ya nyuma kuna rinda moja la boksi alafu mengine yanalala kulikimbia lile la kati, kushoto kushoto, kulia kulia. Nao una wapenzi wake, wachache ila wabishi.)

Ubishi mwingine ni upi mgumu kushona. Wa seti wanasema wao, kwa sababu lazima uendeleze mpangilio mzima bila kuruka. Wa mstari wanasema wao, kwa sababu jicho linaona haraka mstari uliokaa pembeni ya rinda kuliko kuona seti iliyoyumba. Wote wana haki kiasi ila naona wanabishania chumba wakati nyumba iko kwingine. Kazi iko kwenye ile sehemu iliyoshonwa kutoka kiunoni mpaka nyonga, takriban theluthi moja ya urefu. Tuseme mwanaume ana nyonga ya sentimita 106 na kiuno 91. Marinda yanashika karibu nusu ya mzunguko, yaani chini kwenye nyonga yana sentimita 53, juu kiunoni 45 na nusu. Tofauti ni 7.5. Gawa kwa marinda 27, kila rinda linatakiwa lipungue chini ya milimita 3 kati ya nyonga na kiuno, na hiyo kwa sindano ya mkono, kwenye sufu nzito, huku mistari ya kulala ya rinda hili ikikutana na ya rinda lililopita bila kupanda wala kushuka. Ukikosea milimita moja kwa kila rinda, moja tu, mwisho umeongeza au umepoteza karibu sentimita 3 na kilti haimkai mwenyewe. Hapo hakuna cha seti wala mstari, mtihani ni uleule.

Sasa turudi kwa wale wa tatu, nani anaangalia. Msiwadharau. Kilti ya kushona kwa mkono inakula masaa ishirini au zaidi, bei yake ni pauni mia kadhaa, na Waskoti wengi wanaovaa kilti wanavaa harusini, tena ya kukodi. Edinburgh pale mtaa wa Royal Mile utapata za bei ya watalii, akriliki tupu, na nyingi za bei rahisi duniani zinashonwa Sialkot Pakistan, huko huko wanakotengeneza bagpaipu kwa wingi. Mtu anataka kupiga picha na bibi harusi, kesho anarudisha dukani, ukimwambia habari ya milimita tatu anakuona una matatizo. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayekua kila mwezi, mzazi amshonee ya mkono ya sufu nzito ya aunsi 16 kwa yadi? Mi nisingefanya. Na kuna ukweli mwingine, rinda moja likipotoka milimita mbili kwenye mstari, harusi nzima hakuna atakayeona, hata fundi akiwepo atakuwa anakula.

Ila wanapochanganya ni pale wanapoweka undani wote kapu moja, kana kwamba kila kitu ni urembo. Kulinganisha mistari ni urembo, sawa, ingawa ukiona mistari ya kulala imepanda ngazi nyuma ya kilti ya mtu ujue na vingine vilifanywa hivohivo. Undani mwingine ni wa kazi kabisa. Kilti nzuri haina pindo chini, ule ukingo wa kitambaa wenyewe kilivyotoka kiwandani ndo unakuwa chini, kwa hiyo urefu unapatikana kwa kupima vizuri juu, huwezi kuficha kosa kwa kukunja. Ndani nyuma ya marinda kuna mishono haionekani kabisa ambayo inabeba uzito yasining'inie kwenye ule mshono wa nje, alafu kuna kitambaa kigumu kiunoni kabla ya bitana. Kabla ya pasi ya mwisho marinda yanashikizwa kwa uzi mrefu kutoka juu mpaka chini ili yalale sawasawa. Aliyewahi kuvaa sketi ya shule ya marinda anajua tofauti, ile iliyoshonwa na fundi aliyeshikiza akapiga pasi kwa kitambaa chenye maji inakaa muhula mzima, na ile ya haraka haraka ukiketi darasani mara moja tu marinda yamekuwa feni. Kilti ni hivohivo isipokuwa sufu ni nzito mara nyingi zaidi, kwa hiyo ikianza kulegea inalegea kweli.

Ndo maana naona mjadala wa seti na mstari umepewa nafasi kubwa kuliko inavyostahili kwa sababu unaonekana kwenye picha. Mtu anapiga picha ya nyuma ya kilti yake, watu wanasifia mistari ilivyonyooka, hakuna anayeuliza igeuzwe tuone ndani. Na mafundi wengine wamelijua hilo, wanakupa nyuma safi kabisa ya kupigia picha, ndani mashine imepita kwa mbio. Huko Uingereza utengenezaji wa kilti umeingizwa kwenye orodha ya kazi za mikono zilizo hatarini, na nikifikiria ni kipi hasa kitapotea naona si kujua kufuata seti, hiyo mtu anajifunza kwa rula na chaki wiki moja, kinachopotea ni huko ndani.

Kama ni kuchagua, mi nisingechagua kambi, ningeitandaza tartani mezani kwanza. Tartani ya giza kama ya Black Watch, bluu kijani na nyeusi, ukifuata mstari kwenye rangi isiyo sahihi nyuma kunakuwa kama kitambaa cha suti, bora seti. Yenye mstari mmoja mkali juu ya giza kama ya Gordon, mstari, bila kufikiria mara mbili. Ya mchezaji dansi, ambaye kilti yake kazi yake ni kuruka na kufunguka, namwachia achague mwenyewe mbele ya kioo, ila iwe ya upande mmoja na sufu isiwe nzito sana. Ya boksi ningemshauri anayetaka nguo ya kuvaa kila siku, kitambaa nusu, joto kidogo, mwendo mwepesi, japo wa yadi 8 watamcheka.

Limebaki moja la kubishana na fundi kabla hajaanza. Wapo wanaokata kitambaa cha ziada ndani ya marinda pale juu kiunoni ili kupunguza unene, na ukweli ukikatwa kilti inakaa vizuri zaidi mgongoni, hailundikani. Wasiokata wanasema ukinenepa au ukimrithisha mwanao, kitambaa kipo, kinafumuliwa kinashonwa upya. Kilti ya sufu nzuri inazidi umri wa mwenye nayo, na kiuno changu si cha kuaminiwa, kwa hiyo yangu asiikate, nitavumilia unene.