Maneno 500 hayatoshi salamu

Ami yangu alikuwa baharia. Meli ikitia nanga bandari yoyote, alimwandikia nyanya barua kwa khati za Kiarabu, maana hizo ndizo nyanya alizosomeshwa chuoni. Barua ikichukuliwa Posta, pale Barabara ya Digo, tulikusanyika barazani kwetu Kibokoni, Mombasa. Habari za safari zilikuwa mistari mitatu. Zilizobaki zote zilikuwa salamu: nisalimie shangazi na wanawe, nisalimie mjomba, nisalimie mke wa mjomba na mgonjwa wao. Nyanya alisoma jina kwa jina, akinyanyua macho kumtazama aliyetajwa. Aliyesahauliwa alinuna hadi barua ya pili. Nilikuwa mtoto, nikitaka kusikia habari za meli, na salamu zile zilinichosha sana.

Nimewakumbuka wote wawili wiki hii nikisoma barua za Nelson Mandela za gerezani. Alipopelekwa kisiwa cha Robben mwaka 1964 kutumikia kifungo cha maisha, alitiwa daraja la chini kabisa la wafungwa: barua moja kwa miezi sita, isizidi maneno 500, tena kwa jamaa wa karibu tu. Ami angepewa maneno 500, salamu zingeyamaliza yote!

Lakini kilichoniuma zaidi ni hilo la "jamaa wa karibu". Karibu kwa kipimo cha nani? Mandela mwenyewe ameeleza kwamba sharti hilo liliwaudhi, kwa kuwa kwao kila mnayechangia naye babu ni wa nyumba moja. Naye alikuwa na haki ya kusema. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akachukuliwa na Jongintaba, aliyekuwa akishikilia utawala wa Wathembu, akakuzwa pamoja na mwanawe, Justice, kama ndugu. Jina la Madiba tulilozoea kumwitia pia si lake peke yake. Ni la ukoo mzima.

Mwaka 1968 mama yake alifariki, akanyimwa ruhusa ya kwenda kumzika. Mwaka uliofuata mwanawe wa kwanza, Thembi, alikufa kwa ajali ya gari, akanyimwa tena. Kalamu ndiyo iliyokwenda matangani. Alimwandikia mkewe, Winnie, ambaye wakati huo naye alikuwa kizuizini. Alimwandikia pia Evelyn, mama wa marehemu, ingawa walikuwa wameachana zaidi ya miaka 10. Hapo nilifunga kitabu kwa muda. Talaka ilivunja ndoa, haikumtoa Evelyn katika msiba. Barua nyingine hazikufika kabisa, na zilizoingia gerezani zilikatwa kwa wembe pale palipowachukiza wakaguzi. Ndiyo maana alikuwa akinakili barua zake kwenye madaftari kabla ya kuzitoa.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya nyumbani, kwamba ukitaka kumjua kiongozi usome hotuba zake. Sikubaliani nao. Hotuba huandikiwa umati. Barua ya rambirambi kwa mtalaka wako haina wa kuipigia makofi, na mimi nikitaka kujua rais yule alitoka wapi, huko ndiko ninakoanzia.

Siku hizi sisi tuna simu, hatuna mkaguzi wala wembe, na bado tunaandika "salamu kwa wote". Wote ni nani? Nyanya angeigeuza karatasi upande wa pili akitafuta majina.

Juzi nilimwandikia dada yangu aliye Muscat. Ni mtoto wa khalati, lakini sijapata kumwita vingine. Nilimtajia watu mmoja mmoja, hata jirani wa mlango wa pili, nikaona nimemaliza. Jibu lake lilikuja usiku: "Mbona hukumtaja mke wa mjomba? Mzima?"