Tuanze na Waliojitolea, Mgeni Rasmi Baadaye

Mlangoni mwa ukumbi wa kijiji huku Uingereza pamebandikwa karatasi: nani hapa kwetu anastahili Tuzo ya Mfalme ya Kujitolea? Chini yake masharti. Kikundi kiwe kimefanya kazi angalau miaka 3. Anayependekeza asiwe mwanakikundi. Ziambatane barua mbili za watu wanaoijua kazi yenyewe. Pa kujaza jina la mgeni rasmi, hakuna.

Tuzo hiyo ilianzishwa mwaka 2002, na siku hizi washindi hutangazwa Novemba 14, siku aliyozaliwa Mfalme Charles. Mwakilishi wake anapokuja kuikabidhi, hukuta kila kitu kimeshaandikwa: nani kafanya nini, kwa ajili ya nani, tangu lini. Hapo ndipo roho inaponiuma. Sisi huko nyumbani, tukitaka kuwapa vyeti waliojitolea mtaani, tunaanza na mgeni rasmi, halafu hema, viti, spika, soda, na usiku wa kuamkia shughuli ndipo mtendaji anauliza, "Hivi tunampa nani?"

Matokeo mnayajua. Cheti kinasema "kwa mchango wake mkubwa katika jamii", maneno yanayomfaa yeyote, hata aliyechangia kukaa meza kuu. Jina limekosewa. Mama anayezibua mtaro kila masika anaitwa wa mwisho, jua linazama, watu wameshaondoka.

"Ameanza, uzungu umemwingia." Subirini kwanza. Huku nako kuna vituko. Medali ya mtu mmoja mmoja, iliyorudishwa mwaka 2012, bado inabeba jina la Milki ya Uingereza, hata anapovishwa mjukuu wa waliotawaliwa. Pendekezo linakaa mwaka mzima, pengine mwaka na nusu. Wazee wengine hawaifikii. Na nani huku atakuchimbia kaburi bila kukuletea ankara? Kwa kujitolea tunawazidi, tena mbali. Kinachotushinda ni kumwandika aliyejitolea.

Na kumwandika hakutaki bajeti. Miezi 3 kabla, mtaa uteue watu watatu wasio viongozi. Wapite kwa waliosaidiwa, maana msaidizi mwenyewe ukimuuliza ataona haya, na mwenye mdomo ndiye atakayepata. Kila jina liwe na mashahidi wawili wasio ndugu zake. Waulizwe: alifanya nini, wapi, mara ngapi? "Anapenda watu" si jibu. "Anafungua kioski cha maji saa 11 alfajiri, siku 6 kwa wiki, tangu 2019" ndilo jibu, na ndilo lichapwe kwenye cheti hivyo hivyo. Majina yalinganishwe na vitambulisho kabla ya kwenda kuchapa. Wasizidi watano, wakifika thelathini, kila mtu atajua hiyo ni orodha ya mahudhurio. Na iwe siri hadi siku yenyewe, la sivyo kampeni za udiwani zitaanzia hapo.

"Cheti hakiliwi." Kweli, na anayedai posho ya mradi alipwe kwanza, asizibwe mdomo kwa fremu. Lakini hela ya hema na soda mbona ilipatikana? Na nusu siku ya muuza maandazi, mnayoila mkimngoja mheshimiwa, inalipwa na nani? Shughuli ianze saa 3 asubuhi, wasomwe waliojitolea, wapigiwe vigelegele, warudi kazini. Mheshimiwa akifika saa 7, apewe nakala ya orodha akasome kwenye gari.