Nukta Iliyokataa Kufutika

Nilikuwa nimeomba kazi ya uhadhiri katika idara inayofundisha takwimu za sayansi ya jamii pamoja na teknolojia, na barua ya kuitwa kwenye usaili ilieleza kwamba kila msailiwa atatoa mhadhara wa majaribio wa dakika 20 mbele ya jopo la watu watano. Mada tuliachiwa tuchague wenyewe. Mimi nikachagua umuhimu wa kukagua data kabla ya kuzichambua. Laiti ningechagua mada nyingine yoyote, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Data zangu zilikuwa za kawaida: dodoso la watu 200, likiuliza umri wa mtu na saa anazotumia simu kwa siku. Watu 20 walikuwa wameruka ukurasa wenye maswali hayo mawili, na kama ilivyo desturi katika kazi hii, palipokosekana jibu paliingizwa 999, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeidhania nambari hiyo kuwa ni umri wa binadamu. Usiku wa kuamkia usaili niliziondoa 999 zote, nikaona kwamba kadiri umri unavyoongezeka ndivyo matumizi ya simu yanavyopungua, nikahifadhi faili na kulala nikiwa nimeridhika. Kilichoniponza ni majina. Kompyuta yangu ilikuwa na faili liitwalo "data_mwisho", jingine "data_mwisho_kabisa", na la tatu "data_mwisho_kabisa_safi", na asubuhi ile, kwa mikono inayotetemeka, nilifungua la katikati.

Nilianza vizuri kupita kiasi. Niliwaeleza wanajopo jinsi Francis Anscombe alivyotunga makundi manne ya data mwaka 1973, kila kundi likiwa na nukta 11, ambayo wastani wake na kipimo chake cha uhusiano (nambari ya kati ya -1 na 1 inayoonyesha vitu viwili vinafuatana kwa kiasi gani) vinalingana karibu kabisa, lakini ukiyachora hayafanani hata kidogo. Nikakawia kwenye kundi la nne, ambamo nukta kumi zimesimama kwenye mstari mmoja wima na nukta moja tu, iliyojitenga mbali, ndiyo inayozua uhusiano wote. "Asiyetazama mchoro," nilisema huku nimeinua kidole, "hajatazama data." Mwenyekiti wa jopo aliandika kitu. Nikabonyeza programu ianze kukokotoa kipimo hicho kati ya umri na saa za simu.

Jibu lilitoka 0.999.

Mtu makini angenyamaza akafikiri. Mimi niliona tu kwamba uhusiano umekuwa chanya badala ya hasi, yaani umri ukipanda na simu inapanda, na ubaya wa sayansi ya jamii ni kwamba maelezo hayakosekani kamwe. Papo hapo nikatunga nadharia kwamba watu wazima hupungukiwa na marafiki wa kukutana nao ana kwa ana, hivyo simu hugeuka kuwa baraza lao, na kadiri miaka inavyosonga ndivyo upweke unavyowasukuma zaidi kwenye kioo. Niliizungumzia kwa dakika nne nzima. Hadi leo naamini ilikuwa nadharia nzuri.

Kisha nikaonyesha mchoro. Chini kabisa, kwenye kona ya kushoto, palikuwa na bonge dogo jeusi. Juu kabisa, kwenye kona ya kulia, palikuwa na nukta moja. Nikaudhika, maana nilidhani skrini ya projekta ni chafu. Nikatoa leso mfukoni, nikanyanyuka kwa ncha za vidole vya miguu, nikaisugua ile nukta. Haikutoka. Nikaipulizia pumzi na kusugua tena kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo nilipoona kwamba nukta imehama kutoka kwenye skrini na kutua juu ya leso yangu, ikitulia pale kana kwamba imedariziwa. Nilipoondoa mkono ikarudi mahali pake.

"Daktari," alisema profesa mmoja mzee ambaye alikuwa hajafungua kinywa tangu tuanze, "hebu tusomee mhimili wa chini."

Nikausoma. Ulianzia 0 ukaishia 1000.

"Na huo ni mhimili wa nini?"

"Wa umri, Profesa."

"Nashukuru. Na wastani wa saa za simu ni ngapi?"

Nikabonyeza. Programu, ambayo haina huruma wala haya, ikaandika 103.5. Profesa akavua miwani, akaniuliza kwa upole ambao sitausahau kama saa hizo ni za siku moja. Mwanajopo mmoja alizamisha uso kwenye makabrasha na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilijaribu kueleza kwamba ile si nukta moja bali ni nukta 20 zilizolaliana, watu 20 ambao hawakujibu, na kwamba ndio waliotengeneza ule uhusiano wote, sawasawa na kundi la nne la Anscombe. Mwenyekiti akasema ndiyo, jopo lilikuwa limeshaelewa tangu nilipotoa leso.

Kazi sikupata. Wiki tatu baadaye, hata hivyo, yule profesa mzee aliniandikia barua pepe akiomba faili la siku ile, kwa kuwa angependa wanafunzi wa mwaka wa kwanza waone kwa macho yao namna nambari 20 zinavyoweza kuzibeba nyingine 180 mgongoni. Nilifurahi kwamba angalau kuna kitu changu kitafundishwa katika idara ile. Nikafungua kabrasha, nikasoma majina ya mafaili mara tatu kwa sauti, nikamtumia.

Kesho yake akajibu kwa sentensi moja: "Daktari, umenitumia lile safi."