Bibi hakuwa "mama wa nyumbani" tu

Tumemzika Bibi wiki mbili zilizopita, miaka 87, na mpaka leo kuna sentensi moja imenikaa kooni. Wasifu wa marehemu ulisomwa dakika mbili hivi, kazaliwa wapi, kaolewa lini, "alikuwa mama wa nyumbani", ameacha watoto sita na wajukuu kumi na tisa, tukaambiwa tujipange kutoa heshima za mwisho. Basi. Babu alipofariki walikuja wajeshi, bendera juu ya jeneza, risasi zikapigwa hewani, tukasimuliwa vita ya Kagera mwanzo mwisho. Na alistahili, sipingi hata kidogo. Lakini jamani, ile vita kwenye ile nyumba walipigana watu wawili!

Mwalimu Nyerere katangaza vita na Idi Amin wa Uganda tarehe 2 Novemba 1978, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, haikupita wiki Babu kaondoka, Bibi kabaki kotas za jeshi Lugalo na watoto wanne na mimba juu. Mama yangu ndo alikuwa mkubwa, miaka tisa, na anachokumbuka yeye sio redio wala nyimbo, anakumbuka kawa. Kila usiku Bibi alikuwa anapakua sahani ya Babu kwanza kabla ya mtu yeyote, anaifunika na lile kawa lake la ukindu lenye mistari ya zambarau, anaiweka pale pale Babu alipokuwa anakaaga. Asubuhi watoto wanagawana, wenyewe walikuwa wanaita kiporo cha baba. Siku chakula kikiwa kidogo ile sahani inatoka kwenye fungu la Bibi mwenyewe, yeye analala na chai ya rangi, na Mama anasema hilo kaja kulielewa akiwa mtu mzima ana watoto wake. Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979, kotas nzima vigelegele, sahani ikaendelea kufunikwa, maana Babu hakurudi mpaka mwaka uliofuata.

Na aliporudi ndo ikaanza nyingine. Mwalimu aliomba watu wafunge mikanda miezi 18, Bibi mkanda wake aliufunga miaka: foleni ya sukari, unga wa yanga (ule wa mahindi ya njano), nguo zinafuliwa kwa majani ya mpapai, na ndani kuna mwanaume anashtuka usiku anapiga kelele na hataki kuulizwa kitu. Bibi alikuwa anatoka anakaa naye barazani, hawaongei, mpaka adhana ya alfajiri. Hiyo nayo ni kazi, na haina nishani.

Usiku mabomu ya ghala la jeshi Gongo la Mboto yalipolipuka, Februari 2011, sisi tunakimbia peku, yeye kasimama mlangoni anatuita wajukuu kwa majina mmoja mmoja, kagoma kutoka mpaka tutimie.

Sawa, bunduki hakushika. Na inaniuma kukubali hili lakini ile karatasi tuliiandika sisi wenyewe familia, usiku, mbio mbio, mtu akauliza "kazi ya Bibi tuandike nini?" na mimi nilikuwepo, nikanyamaza.

Arobaini ni mwezi huu huu. Nimeshamwambia mjomba safari hii naandika mimi, nasoma mimi, hata ichukue nusu saa. Kawa nimeliomba kwa Mama, ukindu umeanza kufumuka pembeni, nitakwenda nalo.