Nani amfundishe mwanachuo kutafuta?

Kila Novemba, mvua za kwanza zikianza kunyesha hapa Mbeya, mimi, mkutubi wa chuo, husimama mbele ya ukumbi uliojaa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hupewa dakika arobaini niwaeleze maktaba. Wengi wana bahasha za vyeti magotini. Usajili haujaisha, chumba hakijapatikana, wengine wameshuka kwenye basi jana usiku na mizigo yao bado iko kwa shangazi Mwanjelwa. Nawaonyesha katalogi, mpangilio wa vitabu, mahali pa kupata majarida ya mtandaoni. Nikifika kwenye nywila ya Wi-Fi, kalamu zote zinaandika. Kwingine kote zinapumzika.

Miezi sita baadaye wanakuja mezani kwangu mmoja mmoja na maswali ambayo niliyajibu siku ile. Siwalaumu hata kidogo. Mtu hafundishwi kuogelea akiwa bado anatafuta pa kuweka viatu.

Kwa hiyo mjadala unaorudi kila wakutubi na wahadhiri wa Nyanda za Juu Kusini wanapokutana haunichoshi. Je, stadi za taarifa ziwe kozi inayojitegemea, ya lazima, yenye mtihani na alama, ifundishwe na maktaba? Au zichanganywe ndani ya masomo yenyewe, mkutubi aingie darasani pamoja na mhadhiri wa kilimo, wa sheria au wa uuguzi?

Ninachokiita stadi za taarifa ni uwezo wa mtu kutambua kwamba kuna jambo asilolijua, kujua pa kulitafuta, kukipima anachokipata, na kukitumia bila kuiba kazi ya mwenzake. Paul Zurkowski, aliyeongoza chama cha kampuni za taarifa huko Marekani, alilipa jambo hili jina lake la Kiingereza, information literacy, mwaka 1974. Mwaka 1989 kamati ya Chama cha Maktaba cha Marekani ikatoa maelezo ambayo maktaba nyingi za vyuo zimeyachukua kama msingi.

Nianze na wanaotaka kozi kamili, maana hoja yao ni nzito kuliko inavyochukuliwa. Wao wanaanza na swali la mwanafunzi katoka wapi. Ukumbini kwangu anakaa kijana aliyesoma shule yenye maktaba na chumba cha kompyuta. Pembeni yake kakaa binti wa Makete au Chunya ambaye sekondari kwao kitabu kimoja cha kiada kilisomwa na benchi zima. Ufaulu wao wa kidato cha sita unaweza kuwa uleule. Lakini mmoja ameshazoea kuona kitabu kikibishana na kitabu kingine, na mwenzake amefundishwa kwamba kilichochapishwa ni kweli, kazi yake ni kukikumbuka. Ukiziacha stadi hizi zijiotee zenyewe, yule wa kwanza atazipata kwa kuulizauliza. Wa pili hatauliza, kwa sababu akiuliza itajulikana kwamba hajazoea hata kushika kipanya. Nimewaona wakisimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta, wakisoma tangazo ambalo wameshalisoma mara tatu.

Kozi ya lazima inamfikia binti huyu bila kumdhalilisha. Ina saa zake kwenye ratiba, ina mahudhurio, na kila mtu yupo, hivyo hakuna anayeonekana kuwa ndiye mwenye shida. Mwaka 2008 Mugyabuso Lwehabura na Christine Stilwell walichapisha utafiti wao kuhusu ufundishaji wa stadi hizi katika vyuo vikuu vya Tanzania. Vikwazo walivyovitaja, kama kukosekana kwa sera na uhaba wa rasilimali, mkutubi yeyote wa huku angeweza kuvisoma akadhani vimeandikwa kuhusu kaunta yake. Kozi yenye nafasi rasmi ingelazimisha chuo kutenga watu na vifaa. Pia ingempa mkutubi heshima ya mwalimu, na sioni aibu kulitamka hilo.

Gharama yake nayo isifichwe. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Kozi ya krediti 8 inakula saa 80. Saa hizo zitatoka kwenye somo la mtu, na mtu huyo atasimama kwenye kikao kuzitetea.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mtihani. Niliwahi kushika karatasi ya majibu ya swali hili: taja na ueleze sifa tano za chanzo bora cha taarifa. Mwanafunzi alizitaja zote tano kwa mwandiko mzuri, akapata alama zote. Wiki ileile aliniletea kazi ya somo lingine nimsaidie kupanga marejeo, na karibu kila aya ilitoka kwenye tovuti moja isiyo na jina la mwandishi. Hakuona mgongano wowote. Sifa tano zilikuwa za mtihani, kazi ilikuwa kazi.

Orodha za namna hiyo zina asili yake. Mwaka 2004 Sarah Blakeslee, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California huko Chico, alibuni vigezo vitano vya kupima chanzo: upya wake, uhusiano wake na swali, mamlaka ya mwandishi, usahihi, na kusudi. Vilienea haraka, na naelewa kwa nini, vinakaa kwenye ukurasa mmoja. Lakini mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza jaribio lao. Waliwakalisha mbele ya kompyuta wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanahistoria na wanafunzi mara nyingi walibaki ndani ya tovuti, wakiangalia nembo na sura yake. Wahakiki walitoka upesi, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasemaje kuhusu wenye tovuti hiyo, na wao ndio waliofika kwenye hukumu sahihi kwa muda mfupi.

Hapa kwetu kufungua kurasa sita ni kula bando, na mwanafunzi anayehesabu bumu lake, fedha ya mkopo wa masomo, hadi shilingi ya mwisho atabaki kwenye ukurasa mmoja hata ukimfundisha vipi. Stadi hii inahitaji chumba chenye kompyuta na mtandao wa chuo, na mtu wa kukaa naye. Mkutubi akiifundisha ukumbini kwa mdomo, hajaifundisha.

Upande wa pili ndio wa kuchanganya na masomo, nami moyo wangu uko karibu nao kwa sababu ya maharage.

Ilikuwa Mei, baridi imeshaanza kuuma. Dada mmoja wa mwaka wa mwisho alikuja na kompyuta mpakato yenye bawaba iliyofungwa kwa gundi ya karatasi. "Shikamoo, mwalimu. Nimetafuta utafiti wa maharage ya Mbeya siku tatu, hakuna." Nikamwomba anionyeshe alivyotafuta. Alikuwa ameandika kichwa chote cha andiko lake, neno kwa neno, na kompyuta ilimletea makala za kila pembe ya dunia isipokuwa za kwetu. Tukakifuta. Nikamuuliza maharage yanaitwaje kisayansi. Alilijua jina, Phaseolus vulgaris, alifundishwa mwaka wa kwanza, ila hakuwahi kuwaza kwamba ni neno la kutafutia. Tukaliweka, tukaongeza Mbeya. Zikaanza kutokea. Kisha nikamuuliza kwao wanapanda mbegu gani. Akacheka, "Njano Uyole." Basi hilo nalo ni neno la kutafutia. Uyole 96 vilevile. Mbegu hizo zimebeba jina la kituo cha utafiti cha Uyole, ambacho leo kiko chini ya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, na ambacho dada huyu hukipita kwenye daladala kila anaporudi nyumbani. Tukaingia AGORA, sehemu ya mpango wa Research4Life unaowapa vyuo vya nchi kama yetu majarida ya kilimo bila malipo tangu 2003. Ilichukua dakika ishirini hivi. Wiki iliyofuata alirudi na wenzake wawili, akakaa nao meza ya dirishani, akawafundisha mwenyewe.

Hakuna mhadhara wangu wa Novemba uliowahi kufanya kazi hiyo. Alijifunza kwa sababu alikuwa amekwama, na kwa sababu maneno ya kutafutia yalitoka ndani ya somo lake. Mimi peke yangu nisingeweza kumfundisha maharage, na mhadhiri wake hakuwa na muda wa kumfundisha kutafuta.

Tatizo la njia hii ni kwamba inaishi kwa urafiki. Mhadhiri mmoja anakualika, mnafanya kazi nzuri, anaenda masomoni, anayempokea hajui kama mliwahi kuwa na mpango. Wapo pia wanaomkumbuka mkutubi siku wanayosafiri, ili darasa lisikae bure. Kipindi cha kuziba pengo wanafunzi wanakinusa, nusu yao hawaji. Halafu hakuna anayejua nani kapata na nani kakosa. Kuna mwaka wanafunzi wa programu moja walinisikia mara tatu, na wa jengo la pili hawakunisikia kabisa hadi wakahitimu. Yule binti wa Makete, kama bahati ilimweka jengo la pili, ndiyo basi tena.

Hata Marekani, ambako mawazo haya mengi yametoka, hawajatulia. Chama cha maktaba za vyuo vikuu cha huko kilitoa viwango vya stadi hizi mwaka 2000: vitano, vyenye viashiria 22, vinavyopimika kama orodha ya fundi. Mwaka 2016 kikavifuta, kikabaki na mwongozo wa dhana sita, mojawapo ikisema mamlaka ya chanzo hujengwa, na hutegemea muktadha. Viwango vya mwanzo vinafaa kozi yenye mtihani. Dhana hizi zinadai somo, maana muktadha bila somo haupo.

Nimezipima pande zote mbili kwa miaka, na kadiri ninavyokaa kaunta naona zinabishana juu ya nani afundishe na saa ngapi, huku jambo linaloamua likiwa kwenye karatasi ya mhadhiri. Namaanisha swali la kazi.

Chukua swali hili: eleza umuhimu wa ushirika katika maendeleo ya Tanzania. Likitoka mwaka baada ya mwaka, madesa yake, yaani majibu yaliyoandikwa tayari, yatakuwa yamepangwa kwenye steshenari za nje ya geti. Mwanafunzi anayekuja maktaba, akatafuta, akapima, akaandika kwa shida, anaweza kupata alama chini ya aliyenunua desa, kwa sababu desa linafanana na majibu anayoyatarajia msahihishaji. Yule wa desa si mvivu. Amejua anahitaji nini, kiko wapi, na kinapatikana kwa bei gani, na chuo kimemthibitishia kwa alama kwamba kakadiria sawasawa. Nikimfundisha kozi ya krediti 8, au nikiingia darasani kwake kila wiki, swali hilo litanishinda.

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 hali imekuwa ya haraka zaidi. Desa sasa linaandikwa papo hapo, pamoja na marejeo ambayo hayapo duniani. Mwaka 2023 mawakili huko New York walipigwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na programu hiyo, na hao walikuwa watu wenye leseni. Mwanafunzi wa sheria wa Iringa, awe Chuo Kikuu cha Iringa au Chuo Kikuu cha Kikatoliki Ruaha, anaweza kuingia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bure akahakiki kwa dakika mbili kama hukumu ya Tanzania anayoitaja ipo. Lakini atafanya hivyo pale tu swali linapomdai aonyeshe hukumu aliipata wapi na aliisomaje.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwaka wa kwanza, stadi za taarifa zichukue wiki kadhaa ndani ya kozi ya Stadi za Mawasiliano, ambayo kwenye vyuo vyetu vingi ipo tayari. Zianze wiki ya nne na kuendelea, usajili ukiwa umekwisha, kwa makundi madogo mbele ya kompyuta, na mkutubi atoe alama. Hapo binti wa Makete amefikiwa. Kisha kila programu itenge somo moja la mwaka wa pili au wa tatu ambalo swali lake la kazi linatungwa na mhadhiri pamoja na mkutubi. Katika alama 40 za kazi za ndani, 10 ziwe za njia aliyopita mwanafunzi: alitafuta maneno gani, akaacha chanzo gani, kwa nini.

Kuzisahihisha njia hizo kunachosha. Nilifanya kwa darasa moja, na usiku kadhaa nililala nikiota marejeo. Kwa darasa la watu mia tatu, maktaba zetu zilivyo na watumishi wachache, haiwezekani bila kuajiri. Pale ambapo wahadhiri wamekataa kabisa kugusa maswali yao, heri kozi inayojitegemea pamoja na mtihani wake kuliko dakika arobaini za Novemba.

Swali la darasa lile lilikuwa lilelile la ushirika. Tulilibadilisha tu: chagua AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja ya wilaya unayotoka, tafuta vyanzo vitatu visivyokubaliana kuhusu manufaa yake kwa mkulima, eleza unamwamini nani. Steshenari hazikuwa na kitu. Kijana mmoja wa Kyela alichagua AMCOS ya kakao, akapata ripoti moja inayosifia mauzo kwa stakabadhi ghalani, ambapo mazao hukaa ghalani hadi yauzwe, kisha akampigia baba yake mdogo, mkulima, ambaye alikuwa na maneno mengine kuhusu kusubiri malipo. Akaja kaunta na daftari. "Mwalimu, baba mdogo anaandikwaje kwenye marejeo?"

Nikamwambia kwa mtindo tunaoutumia mazungumzo ya simu hutajwa ndani ya maandishi, pamoja na jina na tarehe, hayaingii kwenye orodha ya mwisho. Akaandika tarehe. Kisha tukakaa kutafuta chanzo cha tatu, tuone kama kitakubaliana na ripoti au na baba mdogo.