Basi Ligeuke, Mtoto Asivuke

Jumanne iliyopita, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, nilisimamisha basi mbele ya zile nyumba za trela zilizo nje kidogo ya mji. Giza totoro. Anayeishi hapa Iowa, Marekani, anaijua Oktoba inapoishia: jua linatoka saa moja na nusu ikiwa imeshapita, na ukungu umelala juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa mahindi. Taa za njano niliziwasha mapema, zaidi ya futi 300 kabla ya kituo, kama sheria inavyotaka. Nikasimama, taa nyekundu zikawaka, mkono wenye kibao cha STOP ukafunguka, ishara kwamba magari yasimame. Nikatazama vioo, nikatazama mbele, barabara nyeupe. Nikamwonyesha mtoto kidole: njoo.

Mtoto huyo yuko darasa la kwanza. Kwao ni ng'ambo ya barabara, kwa hiyo kila siku anavuka laini mbili ndipo aufikie mlango wangu. Nimemfundisha asiinue mguu mpaka aone kidole changu. Akasogea hadi ukingoni, glavu ikamdondoka, akainama kuiokota. Pikapu ikaibuka kutoka kwenye kilima, mwendo uleule wa barabara kuu, ikampita mbele ya paji la uso. Honi nilikuwa nimeikandamiza kwa mkono mzima na haikusaidia kitu. Nilichokiona ni kidevu cha dereva kilichomulikwa kwa chini na mwanga wa bluu wa simu. Akapotelea gizani.

Mtoto akaiokota glavu, akanitazama, akasubiri kidole tena. Hakujua kilichotokea. Alipopanda aliniambia, "Shikamoo shangazi," kama kila siku, nami nikaitikia marahaba huku magoti yananicheza. Nilikuwa na watoto wengine 31 nyuma yangu, sikuweza hata kuinuka kwenye kiti.

Nimeendesha basi la shule mwaka wa sita sasa. Kupitwa nimepitwa, tena mara nyingi hadi nikaacha kuwasimulia nyumbani. Mwaka 2019 madereva wa mabasi ya shule zaidi ya 130,000 katika majimbo 39 ya Marekani walihesabu kwa siku moja tu, na magari yaliyowapita taa zikiwa nyekundu yalizidi 95,000. Siku moja ya masomo. Nikisoma hesabu hiyo naliona lile paji la uso.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Jioni ileile, kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili tunaoishi huku, kaka mmoja ninayemheshimu sana alikuwa analalamika kwamba amepigwa faini kwa kulipita basi la shule, na leseni inasimamishwa siku 30. Watu wakampa pole. Pole, wanatuonea, wanakula pesa zetu wageni. Naye akaandika: "Nilitazama vizuri, hapakuwa na mtoto."

Kaka yangu, najua uko zamu ya usiku kiwanda cha nyama na kwamba Iowa bila gari ni kama kukatwa miguu. Siku 30 ni nyingi kwa mwenye familia, hilo nakubali. Lakini mtoto niliyekuwa naye Jumanne naye hakuonekana. Alikuwa ameinama. Mtoto wa miaka sita aliyesimama hafiki hata kwenye kioo cha mbele cha basi langu, sembuse aliyeinama. Ile taa nyekundu inakuambia mimi niliye juu nimeona usichokiona wewe, kwa hiyo simama. Na hiyo adhabu unayosema ni ya kutuonea sisi ilitungwa kabla wengi wetu hatujafika hapa. Inaitwa Sheria ya Kadyn. Kadyn alikuwa na miaka 7. Mei 2011, kaskazini mwa jimbo hilihili, alikuwa anavuka barabara kulifuata basi lake lililokuwa limesimama na taa zinawaka, pikapu ikamgonga akafa. Mwaka uliofuata wabunge wakapitisha sheria: faini wakati huo kuanzia dola 250 hadi 675, jela hadi siku 30, na leseni kusimamishwa hata kama ni kosa la kwanza. Hakuna mgeni aliyetajwa humo.

Hayo nimemwambia yeye pia, kwa simu, na tumeelewana.

Ila usiku ule sikulala, na sababu haikuwa yeye. Niliwaza hivi: tuseme kila mtu kwenye kundi letu anaijua sheria kama ninavyoijua mimi. Tuseme na dereva wa ile pikapu anaijua. Amezaliwa hapa, amepandishwa basi la njano tangu chekechea, amejibu swali hilo kwenye mtihani wa leseni. Na bado alipita. Kwa maili 55 kwa saa gari linakula karibu mita 25 kila sekunde. Akiinamia simu kwa sekunde nne amekwenda mita 100 bila kuona chochote, na baada ya hapo sheria yote ya Iowa haiwezi kumrudisha nyuma. Faini itamfikia kesho. Kesi mwezi ujao. Mimi ninamtaka mtoto wa leo.

Kwa hiyo nalisema bila kuzunguka: kosa la kwanza si la dereva anayepita. Ni la mpango unaomtaka mtoto wa miaka sita avuke barabara kuu gizani akitegemea breki za mtu asiyemjua.

Mlango wa basi uko kulia. Nikija kutoka upande wa pili, mlango unafungukia upande wa kwao, anapanda moja kwa moja kutoka kwenye majani, na barabara haimhusu. Anayetaka kupita apite, amevunja sheria na anastahili faini, lakini hakuna mwili mbele yake. Ni jambo jepesi kiasi kwamba naona haya kulieleza.

Wenzetu wa jimbo la Indiana walilijua kwa gharama. Oktoba 30, 2018, karibu na mji wa Rochester, watoto wanne walikuwa wanavuka barabara ya jimbo kwenda kwenye basi, alfajiri yenye giza kama hii yetu. Wanatoka nyumba za trela, kama huyu wangu. Pikapu ikawazoa. Watatu walikufa, wote wa mama mmoja: mapacha wa kiume wa miaka 6 na dada yao wa miaka 9. Wa nne aliumizwa vibaya. Dereva alisema aliziona taa lakini hakutambua kwamba ni basi la shule. Nilipokuwa sijaanza kazi hii nilidhani huo ni uongo wa mtu anayejitetea. Siku hizi sijui. Ile rangi ya njano ilichaguliwa mwaka 1939 kwenye mkutano wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa sababu inaonekana vyema alfajiri na magharibi. Lakini giza likiwa giza hasa, njano haipo. Zipo taa tu, zinaning'inia hewani.

Mwaka 2019 Indiana ikabadilisha sheria. Adhabu zikaongezwa, ndiyo, lakini kinachonigusa mimi ni kifungu kingine: kwenye barabara za jimbo na za kitaifa, basi lisimpakie wala kumshusha mtoto mahali panapomlazimu kuvuka, isipokuwa hakuna njia nyingine iliyo salama. Ni hicho tu ninachokitaka kituo kwa kituo, na nisingoje msiba ndipo nikipate.

Nimeshakiomba. Mwaka jana, kwa maandishi. Wanaopanga njia walinijibu kwa adabu kwamba ili nifike na mlango upande wa zile trela itanibidi niende maili moja mbele hadi kwenye maghala ya nafaka, nigeuze pale, nirudi. Dakika sita zaidi. Na basi langu la futi 40 siwezi kuligeuza popote, kurudi nyuma kwenye barabara kuu ni marufuku, na madereva ni wachache, kila mmoja ana mizunguko miwili, mmoja akichelewa na shule ya pili inachelewa. Yote ni kweli. Nimekaa kwenye hicho kiti, najua dakika sita zina maana gani saa moja asubuhi. Lakini basi watoto waanze kuchukuliwa dakika sita mapema! Nani kati yetu, akiulizwa, atakataa kumwamsha mwanawe dakika sita mapema?

Kule nyumbani tunalaumiwa kwa mengi ya barabarani, na kwa haki. Gari linalosimama kwenye pundamilia bila kushurutishwa Dar ni la kutafutwa. Lakini mdogo wangu alifanya kazi kwenye basi la shule pale Mbezi, na kazi yake haikuwa kuendesha. Alikuwa dada wa basi. Basi likisimama anashuka yeye kwanza, anainua mkono, bodaboda zinamtukana, anabaki palepale katikati ya barabara mpaka mtoto wa mwisho amefika kwa mama yake. Aliwashika mkono. Sisi hatukuwa na taa nyekundu wala kamera, tukaweka mtu. Huku kuna taa nane na mkono wa chuma, na dereva yuko peke yake na watoto 60, haruhusiwi kuwaacha.

Tena si kwamba Marekani nzima haijui. California sheria inamtaka dereva mwenyewe ashuke na kibao cha STOP mkononi na kuwavusha watoto wote hadi wa darasa la nane. Kwa hiyo inawezekana. Ama mtu ashuke, ama basi ligeuke.

Kamera za basi za kuwanasa wanaopita sizipingi, picha yenye namba ya gari inanisaidia, kwa kuwa mimi nina sekunde mbili za kuisoma namba gizani na watoto wa kuwatuliza. Ziwekwe. Ila zisifanywe biashara, maana kaunti ya Miami-Dade, Florida, mwaka 2025 walilazimika kusitisha mpango wao baada ya watu kutumiwa faini zisizo sahihi, na mtu aliyeonewa mara moja haamini tena hata ile ya haki. Sheria ya hapa Iowa ya kukataza kushika simu ukiendesha, iliyoanza Julai 2025, nayo ni njema, japo faini ya dola 100 sijui itamtisha nani.

Jumatano nilipita kwa mama wa yule mtoto baada ya kazi. Ni Mkongomani, wa Uvira. Anatoka kazini saa moja kamili, kwa hiyo mwanawe anasindikizwa na bibi yake hadi mlangoni, na bibi macho hayaoni vizuri. Nilimweleza yote. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Dada, mimi nilijua akishaliona basi lako amefika." Sikuwa na la kumjibu. Ndivyo wazazi wote wanavyojua, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Tumekubaliana hivi. Mpaka kituo kibadilishwe, jirani mmoja mwanaume atamvusha kila asubuhi akiwa amevaa fulana yake ya kazini inayong'aa. Na Jumatatu ijayo saa kumi na mbili jioni bodi ya elimu inakaa. Mwananchi yeyote anaruhusiwa kusema, dakika tatu kila mtu, lakini jina liandikishwe kabla ya kikao kuanza. Mimi nitasema. Wazazi wenye watoto wanaovuka, njooni na jina la barabara, na saa basi linapofika, na upande uliko mlango. Kiingereza kisiwatie hofu, nimeomba mkalimani na nimeahidiwa. Asiye na usafiri aniandikie leo, gari langu lina nafasi ya watu sita na nitapita kuanzia saa kumi na moja.