Kanuni ya ujenzi isimpite fundi

Jumamosi iliyopita nilisimama kwenye kiwanja cha jirani yangu nikimtazama fundi aking'oa mirunda iliyoshikilia slabu ya zege iliyomwagwa siku tisa tu kabla. Nilimuuliza kwa nini hasubiri siku zinazotakiwa, naye akanijibu bila hasira: "Kaka, mirunda hii ni ya kukodi, na mwenye nyumba anailipia kwa siku. Hizo siku unazosema zimeandikwa wapi?" Sikuwa na la kumjibu, na usiku ule nililala kwa shida.

Zimeandikwa, lakini si mahali anapoweza kufika. Wahandisi wetu wengi wamezoea kukokotoa zege kwa kiwango cha Uingereza cha BS 8110, ambacho Waingereza wenyewe walikiondoa mwaka 2010. Masharti mengine yametawanyika katika sheria ya mipango miji, katika sheria za bodi zinazosajili wahandisi, wabunifu majengo na makandarasi, na katika kanuni za halmashauri. Kitabu kimoja cha taifa, yaani kanuni ya ujenzi, kinachosema nyumba ya Mtanzania isijengwe chini ya kiwango hiki, hatuna.

Wakati huo huo tunazika. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, ambako ndugu zetu walikwama chini ya vifusi huku waokoaji wakiwapitishia maji na hewa, na baadhi yao hawakutoka hai. Baada ya kila msiba huundwa kamati, na kila kamati huanza kwa kuuliza yale ambayo kanuni ingekuwa imekwisha kuyajibu.

Ninaitaka kanuni hiyo kwa moyo wote, lakini ninaogopa itaandikwa kwa ajili ya watu wasiojenga. Nyumba nyingi za nchi hii hazijawahi kukanyagwa na mhandisi. Zimejengwa na fundi na saidia fundi wake, kwa fedha ya mwenye nyumba inayokuja mfuko mmoja wa saruji baada ya mwingine. Fundi huyo anajua kuwa zege ni moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, lakini hupima kwa karai, na karai la kokoto hujazwa kwa kilima ilhali la saruji husawazishwa. Huongeza maji ili zege litiririke vizuri kati ya nondo, bila kuambiwa na yeyote kwamba kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu ya nguzo. Slabu humwagiliwa siku mbili, kisha maji yanakatika mtaani na umwagiliaji unaishia hapo. Ringi, vile vyuma vinavyozifunga nondo, hupanuliwa nafasi ili nondo zitoshe, na mchanga wa pwani wenye chumvi hutumika kwa sababu ni wa karibu, hata miaka kadhaa baadaye kutu inalipua zege kutoka ndani. Simlaumu fundi kwa lolote kati ya haya, maana alijifunza kwa kutazama, na mwalimu wake naye alijifunza vivyo hivyo.

Nepal walilielewa jambo hili. Kanuni yao ya taifa, iliyotayarishwa mwaka 1994 baada ya tetemeko la 1988, ina sehemu maalumu ya majengo madogo yasiyo na mhandisi, yenye vipimo vilivyo tayari vya nguzo, nondo na kuta. Kwetu sehemu ya namna hiyo iandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, kwa michoro, na kwa maneno ya kiwanjani: ringi, linta, mirunda. Waliobomokewa na nyumba katika tetemeko la Kagera la Septemba 2016 hawakuhitaji kitabu cha kurasa elfu moja.

Wapo watakaosema kanuni itaongeza gharama; kuijenga nyumba mara mbili ni ghali zaidi. Wengine watasema wakaguzi watahongwa tu, na sina budi kukubali kwamba kitabu peke yake hakizuii rushwa: Kenya ilikuwa na kanuni zake tangu 1968, na bado jengo la Huruma, Nairobi, liliporomoka Aprili 2016 na kuua watu wapatao 50. Hata hivyo Wakenya hawakuitupa kanuni kwa sababu hiyo. Waliiandika upya, wakatangaza nyingine mwaka 2024. Mkaguzi aliyehongwa anaweza angalau kushtakiwa kwa kuvunja jambo lililoandikwa.

Jumatatu nilimpelekea fundi karatasi niliyoandikiwa na binamu yangu mhandisi, yenye siku za mirunda, siku za kumwagilia na nafasi za ringi. Aliisoma mara mbili, akaikunja na kuitia mfukoni, kisha akaniuliza kama ninaweza kumpatia yenye muhuri wa serikali, kwa sababu mwenye nyumba hatakubali kulipa siku nyingine za mirunda kwa karatasi ya jirani.